Kifungo Yuko Kizimbani

4 Februari

Mpishi wangu,

Marahaba ya ile shikamoo ambayo najua umeshaitamka kabla hujachana bahasha. Mimi mzima, mgongo tu unanung'unika nikikaa sana kwenye cherehani. Mama yako amepona kifua na sasa analalamikia goti, nami nimefurahi, maana akianza kulalamikia goti ujue kapona. Baba yako ni yuleyule Mwenyekiti. Nadhani hata akiwa peke yake chumbani hufungua kikao kwanza ndipo avue viatu.

Mzigo wako umefika. Dereva wa lori aliutua mlangoni akala kona bila hata kubisha. Mimi nilitoka kumwaga maji machafu, nikakuta sanduku la mbao lenye nondo upande mmoja, na nyuma ya nondo macho mawili yananitazama kana kwamba nimechelewa. Sijui lilikaa pale muda gani.

Kwenye karatasi uliyobandika umeandika "kizimba cha mbwa". Mwanangu, kizimbani husimama washtakiwa. Huyu siku ya kwanza hakuwa na kosa lolote. Siku ya pili alikojolea suruali ya bwana harusi, kwa hiyo labda uliona mbali. Nimemwita Kifungo, kwa sababu ya lile doa jeusi la mviringo kwenye paji lake, sawasawa na kifungo cha koti.

Sasa sikiliza shida yangu. Unajua kaka yangu alivyokuja mwaka jana, akabisha mpaka vidole vikamuuma, mimi niko ndani nashona. Nilikuwa nimezama kwenye kazi, cherehani inapiga kelele, basi. Yeye akadhani nimeanguka, akaita watu wakavunja kitasa. Tangu siku hiyo kashikilia kwamba siwezi kuishi peke yangu, nihamie kile chumba chake cha nyuma, na cherehani apewe mama yako. Nilipomwandikia kwamba sasa nina mbwa, kanijibu kwa barua yenye kichwa cha habari, "Yah: Kuhama Kwako". Anasema atakuja mwishoni mwa Juni. Akikuta nyumba inanuka mkojo na nguo za wateja zimetafunwa, atatupakia wote wawili.

Nyumba hii nimeijenga kwa sindano. Hanitoi mtu. Kwa hiyo wewe uliyeniletea mbwa, nifundishe namna ya kumfundisha. Na usihangaike kutafuta simu huko kambini, yangu siku hizi inakoroma tu. Andika.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo nyingine, ya akiba. Mimi mzima. Wajenzi wamesogea mbele na barabara yao, na jiko langu linawafuata nyuma kama mke aliyesahaulika sokoni. Nimeungua kidogo kwa mvuke, mkono huu huu wa kuandikia, hivyo vumilia mwandiko. Dereva anakusalimu. Anasema alibisha sana na honi akapiga. Nimemwambia nyumba ile ina cherehani.

Nimekaa na mlinzi wa mbwa wa hapa kambini, yule mwenye mama yake Kifungo, na haya ndiyo maneno yake. Kwanza ondoa mawazo ya mahakama. Kizimba ni chumba cha mbwa, na asiingizwe humo kwa hasira hata mara moja. Mlango uache wazi. Chakula chake mwekee humo, mwanzoni karibu na mlango, halafu ndani zaidi, mpaka aingie mwenyewe huku anatikisa mkia. Akishazoea, funga mlango anapokula, fungua akiwa bado anajilamba. Kisha ongeza muda kidogo kidogo. Kila ukimtoa mpeleke moja kwa moja uani akojoe, na umsifu kana kwamba amekushonea gauni. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, ila nafasi ikiwa kubwa mno atalala kona hii na kujisaidia kona ile. Kwa hiyo chomeka ubao katikati mpaka akue. Chagua neno moja la kumwingiza, usilibadilishe.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Akilia, usimfungulie. Ukimfungulia wakati analia, umemfundisha kwamba kulia ndio ufunguo. Subiri anyamaze, hata kwa muda wa kuvuta pumzi tu, ndipo ufungue.

Kaza uzi, Shangazi. Chumba cha nyuma nakijua, nililala humo miaka yote ya shule. Hakina dirisha la kutosha hata kwa kutunga sindano.

Mwanao, Mpishi

8 Machi

Mpishi wangu,

Marahaba, na pole ya mkono. Paka asali ukiipata. Mimi mzima na kazi imenijaa mpaka shingoni, nashona sare za kwaya, makoti yenye mikono mipana ambayo aliyeyabuni hajawahi kushona hata leso.

Masomo yako nimeyafuata neno kwa neno. Ubao nimeuchomeka. Chakula anakula ndani. Neno letu ni "Kizimbani!", maana nilijaribu "chumbani" akaenda kulala kitandani kwangu. Nalitamka kwa sauti ya hakimu na anaingia bila kubisha.

Ila lile somo lako kubwa hatukulihitaji. Hapa kulia hakuna. Tangu aje hajalia hata mara moja, mtoto ana adabu ambayo baba yako angeiandikia cheti. Kitu kimoja tu, anapiga miayo mno. Nikishafunga mlango, baada ya muda anakaa, anainua kichwa juu, anaufanya mdomo wake mviringo, basi miayo mirefu, mmoja baada ya mwingine. Nadhani anachoka humo ndani, kwa hiyo namwonea huruma namfungulia. Lakini badala ya kupungua, kila siku miayo inaanza mapema zaidi. Muulize huyo mlinzi kama ni minyoo.

Jambo jingine la kuudhi ni jirani yangu fundi viatu. Miaka yote tumekaa kwa amani, sasa kanuna. Juzi nimekuta karatasi chini ya mlango, "Tunaomba mbwa anyamazishwe, hatulali." Nimeitumia kuwashia jiko. Kutengeneza viatu ni kazi ya kukaa sana, na mtu akikaa sana huanza kusikia mambo.

Kifungo ametafuna ukosi wa koti moja la kwaya. Nimeshona mwingine, mwimbaji hatajua. Mimi sirudi nyuma.

Shangazi yako

27 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mkono umepona, asali nimeila badala ya kuipaka. Kambini wote wazima isipokuwa mpima barabara, ambaye kagombana na maharage yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili bila kucheka.

Kuhusu miayo nimemuuliza mlinzi. Anasema mbwa anayeinua kichwa juu na kufanya mdomo mviringo kama anayepuliza uji, huyo hapigi miayo.

Sitasema zaidi ya hapo, maana nakujua. Nakuomba jambo moja. Akianza tena, weka kiganja chako juu ya kizimba. Ubao ukitetemeka, usifungue. Ukitulia, fungua papo hapo. Watu wengi hufanya hivyo, hata mlinzi mwenyewe hufanya. Na fundi viatu usimnunie sana.

Usinikasirikie.

Mwanao

2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Lori limekwenda na kurudi, limekwenda tena na kurudi, na dereva ananionyesha mikono mitupu. Anasema cherehani inazunguka na taa inawaka, kwa hiyo najua uko mzima na umeamua kuninyima. Sawa. Nigombeze, lakini nigombeze kwa maandishi. Juni inakuja na mimi huku nachoma vitunguu kwa mawazo.

Mwanao

20 Mei

Mpishi,

Marahaba nimeizuia kwa makusudi. Utaipata chini, kama nitafika huko nikiwa bado na moyo wa kuitoa.

Nilikasirika. Barua yako ya Machi niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na huko angalau ilifaa. Nikajisemea, kijana niliyemwogesha mwenyewe leo ananitolea mafumbo kwa kutumia mbwa. Nikaendelea kumfungulia Kifungo kila alipopiga miayo, ili kukukomoa.

Halafu siku moja mchana nilisimama kunyoosha mgongo, nikaegemea kizimba. Sikuweka mkono kwa sababu yako, niliegemea tu. Kifungo akainua kichwa. Mwanangu, ubao wote ulitetemeka, mtetemo ukanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nilitazama lile koo lake dogo linavyokaza. Kumbe mtoto analia hivi tangu Februari, na mimi nakaa pembeni nasifu adabu yake. Niliketi sakafuni nikalia naye. Nimeshasema hilo, na usinirudishe tena huko.

Nilipomaliza kulia nikapiga moyo konde. Nikaanza upya tangu mwanzo kabisa, mlango wazi, chakula mlangoni, kana kwamba kafika jana. Juu ya kizimba nikaweka kisahani cha bati chenye vifungo vidogo vya shati. Akilia, vifungo vinacheza, nami nakaa kwenye cherehani nimeng'ang'ania kiti, sinyanyuki. Vikitulia tu, nasimama nafungua. Siku za mwanzo vilicheza mpaka vingine vikamwagika sakafuni. Alinitazama kwa macho yale, nami nikamtazama kwa macho makavu. Sasa vinalala. Anaingia mwenyewe, anajizungusha, anaweka kidevu kwenye miguu, analala wakati mimi nashona. Hajakojoa ndani tangu mwezi uanze.

Fundi viatu nimemwendea. Nilimwambia kwamba alisema kweli, na sikumweleza lingine. Yeye naye hakudai maelezo, kaniambia tu mbwa sasa ametulia. Nikamwomba awe anabisha mlango wangu kila apitapo, maana nimeona jambo. Mtu akibisha, Kifungo husimamisha masikio. Basi namfundisha, masikio yakisimama, aje avute upindo wa gauni langu, apate kipande cha nyama. Bado anachanganya, jana kanivutia gauni kwa sababu ya nzi. Lakini tutafika.

Dukani kwa vitambaa nimekutana na huruma ya ajabu. Muuzaji kaniuliza habari za mtoto, nikamwambia Kifungo kizimbani, mwanzoni alilia sana lakini sasa kazoea, na nyama nampelekea kila siku. Mwanamke yule alinishika mikono yote miwili, machozi yamemjaa, akanikatia kitambaa kupita kipimo. Sikujua kama anapenda mbwa kiasi hicho.

Marahaba.

Shangazi yako

5 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ahsante kwa ile marahaba, nimeibandika jikoni.

Ila kuna balaa. Leo nimeitwa kwa msimamizi wa kambi. Alikuwa mjini, na huko kampigia simu Baba kwa mambo ya mizigo, Baba akamuuliza kwa sauti ya msiba kwamba mwanawe amefungwa gereza gani na kwa kosa gani. Msimamizi akamjibu kwamba asubuhi hiyo nilimpikia mayai. Baba hakuamini, kasema wananificha.

Nilijiuliza habari hizi zimetoka wapi mpaka nikakumbuka barua yako. Muuzaji wa vitambaa hakukuuliza habari za mbwa, Shangazi. Alikuuliza habari za mtoto, yaani mimi, nawe ukamjibu kwamba kifungo, kizimbani, alilia sana, nampelekea nyama. Naye akampelekea Mama habari hizo. Mlinzi wa mbwa nilipomsimulia amelala chini kwa kucheka, na wajenzi sasa wananiita Mfungwa.

Lakini Baba hangoji tena mwisho wa mwezi. Amesema anakuja kwako mara moja kuuliza ukweli, na akishakuja ndiyo safari ile ile ya kukuhamisha. Barua hii ikimtangulia, fagia. Ikichelewa, basi.

Na hili nimeliacha mwisho. Mwambie. Mimi hujaniambia na sikuulizi, naweza kungoja miaka. Lakini yeye mwambie mwenyewe kabla hajagundua na kulifanya ajenda.

Mwanao, Mfungwa

17 Juni

Mpishi wangu, mfungwa wangu,

Marahaba tele. Barua yako imefika leo asubuhi, na Mwenyekiti alifika Jumamosi. Kwa hiyo ulichokuwa unaniambia nifanye, nilikifanya bila kuambiwa. Usijipige kifua.

Nilikuwa nashona mikono ya koti la mwisho la kwaya. Kifungo alikuwa kizimbani, mlango wazi, amelala. Nikaona amesimamisha masikio. Akatoka, akaja mbio, akanikamata upindo akavuta kwelikweli, mpaka uzi ukakatika. Nikatazama kama kuna nzi. Hakukuwa na nzi. Nikaenda kufungua.

Baba yako alikuwa kwenye kizingiti na kidole bado kiko hewani. Safari hii alikuja kamili. Mkononi begi kubwa tupu la kupakia nguo zangu, na nyuma yake fundi wa kufuli, ambaye tayari alikuwa amechuchumaa anafungua sanduku la vyombo. Kaka yangu alinitazama kama mtu aliyejiandaa kubeba jiwe akakuta ni boga. Hakujua aanzie wapi.

Aliingia akaanza ukaguzi. Akanusa mapazia. Akainama chini ya meza, akapapasa zulia kwa kiganja, akanusa kiganja. Muda wote huo nilikuwa naona mgongo wake tu. Halafu akageuka na uso wa mtu anayengoja jibu.

Unajua huwa nafanya nini hapo. Husema "ndiyo, ndiyo", au hucheka kidogo, au huenda kuchukua maji ya kunywa. Nimefanya hivyo muda mrefu na nimekuwa fundi wake kama ninavyoshona. Nikamtazama Kifungo. Alikuwa amekaa ananitazama mimi, si yeye, anangoja nyama yake.

Nikasema, "Kaka, kama umesema kitu, kirudie ukinitazama. Mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Sisikii. Wewe, mlango, simu, mvua. Vyote."

Alikaa. Alikaa juu ya koti la kwaya lenye pini, na hata hizo alichelewa kuzihisi. Akaanza kusema na dari, nikamgusa goti, akaugeuza uso wake kwangu akasema polepole, midomo yote naiona. Aliniuliza kwa nini sikumwambia miaka yote hii.

Nikamjibu, "Ningekwambia ungeniwekea kizimba. Na mlango wake usingeuacha wazi."

Alichomoa pini moja moja, akaziweka mezani kwa mstari. Nilimwona macho yamelowa, nami yangu yalikuwa hivyo hivyo, na kati yetu sisi wawili hakuna aliyeenda kuchukua maji ya kunywa.

Lakini unamjua, hakubali kitu bila ushahidi. Akatoka nje, akafunga mlango, akabisha. Kifungo akaja kuvuta gauni, nikafungua. Akazunguka mlango wa uani akabisha huko. Kifungo akavuta, nikafungua. Nikamwambia abishe kwa kidole kimoja kama mtu anayekuja kukopa chumvi. Kifungo akavuta. Alirudia na kurudia, jasho linamtoka, mpaka fundi wa kufuli akachoka akaenda zake na fundi viatu akatoka na kigoda kutazama. Nyama iliisha, nikaanza kumlipa mtoto kwa mkate. Mwishowe baba yako aliingia, akavua kofia, akamtazama Kifungo muda mrefu na lile doa lake la paji. Akamwambia kitu. Nilikisoma midomoni mwake vizuri sana. Alisema, "Kikao kimefungwa."

Kuhusu gereza lako, nilimwonyesha kifungo na kizimba chenyewe, akaelewa, akacheka mpaka akakohoa. Muuzaji wa vitambaa nitamweleza mwenyewe, ila kitambaa chake sirudishi.

Nakuandikia hili kwa mkono wangu ili lisiwe fumbo tena kati yetu. Simu yangu haikoromi. Ni nzima, mimi ndiye nisiyesikia. Ulijua tangu ile miayo, labda tangu honi ya dereva, na ulinyamaza kwa adabu, lakini sasa inatosha. Ukija likizo, bisha mlango tu, utaona.

Begi lake kubwa Mwenyekiti amelisahau hapa, au amejifanya kulisahau. Kitambaa chake kigumu, hakipitishi maji. Nimelikata jana, nimemshonea Kifungo godoro.

Shangazi yako